Injini ya kwanza kufungua mwenyewe: 5A, EJ20 au 1JZ?

Hili swali naulizwa sana na vijana wa mtaani na hata jamaa wa ofisini, kaka na mimi nataka kujifunza kufungua injini, siyo biashara, hobi tu ya jumamosi, sasa nianze na ipi? Ukimchimba kidogo unakuta kichwani ana moja kati ya hizi tatu: 5A ya Toyota Carina Ti ambayo mzee wake alishaipaki nyuma ya nyumba, Subaru EJ20 kwa sababu ya ule mlio, au 1JZ turbo kwa sababu kaona Toyota Mark II inachora duara na moshi kwenye video. Mimi mbili za kwanza nimezifungua kwa mikono yangu, ya tatu nilikuwa mshika tochi na mpimaji kwenye gari ya rafiki, kwa hiyo hizo mbili ntaongea kwa kujiamini na hii ya mwisho kwa adabu kidogo.

Mwenye haraka achukue jibu aende zake: anza na 5A. Haina sifa, haina mlio, hakuna demu atageuka, ila ndiyo injini itakayokuvumilia ukikosea, na utakosea tu. Wengine tuendelee.

Vipimo vyenyewe kwanza maana vina maana yake huko mbele:

5A-FE: silinda 4 za mstari, cc 1498, kipenyo cha silinda 78.7 mm na stroki (mwendo wa pistoni) 77, bloku ya chuma cha kutupwa na hedi (kipande cha juu chenye vavu) ya aluminiamu, farasi kama 100 hivi.
EJ20: silinda 4 zimelala mbili huku mbili kule, cc 1994, 92 kwa 75, bloku ya aluminiamu yenye lina za chuma ndani, ile ya turbo kwenye Impreza STI inafika farasi 280.
1JZ-GTE: silinda 6 za mstari, cc 2500 kasoro kidogo, 86 kwa 71.5, bloku ya chuma, nayo 280. Hiyo 280 ni ya karatasi, enzi hizo watengenezaji wa Japan walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, ndo maana unaikuta kwenye magari kibao yasiyofanana.

Tuanze na 5A. Imesimama wima, ukifungua boneti unaiona yote kuanzia plagi mpaka manifoldi, hedi unaitoa ukiwa umesimama kama mtu anayepika, bloku ukitaka kuishusha cheni bloku moja na mti wa mwembe vinatosha (mti mzima siyo tawi jamani, nimeona). Taiming, yaani vavu kufunguka kwa mpangilio na pistoni, ni mkanda mmoja unaozungusha kemshafti (shafti inayofungua vavu) moja, ile ya pili inazungushwa na ya kwanza kwa gia. Na kitu kizuri kuliko vyote, mkanda ukikatika au ukaufunga umeruka meno, vavu hazifiki kwenye pistoni. Injini itazima, au itatetemeka kama mgonjwa wa malaria, unafungua kava unarudia, umepoteza masaa tu hela iko mfukoni. Kwa mtu wa kwanza kufunga taiming hiyo ni zawadi.

Sasa kuna jambo la maji, hapa ntakaa kidogo maana injini nyingi za huku zinakufa kwa maji. Huku kwetu gari ikichemsha mara moja fundi anachomoa thermostati (kile kivavu kinachozuia maji mpaka injini ipate joto) anatupa, anakwambia nchi ya joto haihitaji, halafu inajazwa maji ya bomba miaka na miaka. Bloku ya chuma ikinyweshwa maji ya bomba inaota kutu kwa ndani, ile kutu inashuka chini inakuwa tope, na inakaa zaidi kule silinda ya mwisho mbali na pampu. 5A yangu nilipong'oa vile vibati vya duara pembeni ya bloku, wenyewe wanaviita wota plagi, nilitoa tope la rangi ya matofali karibu kikombe kizima, yaani hiyo gari ilikuwa inapooza kwa dua. Mwenye gari wa zamani alikuwa amebadilisha rejeta mara mbili akilaumu rejeta. Kwa hiyo ukifungua injini yoyote ya chuma usiishie kwenye pistoni, ng'oa wota plagi zote, chokoa kwa waya, piga maji ya presha, funga plagi mpya, rudisha thermostati na uweke kulanti ya kweli. Kazi hii haina utukufu hata kidogo na ndo inayookoa injini kuliko pistoni ya bei mbaya.

Hedi iwekee rula iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi), kwa hizi A za Toyota mwisho wa kupinda upande unaokaa kwenye bloku ni 0.05 mm, ikizidi peleka ikaskimiwe (isagwe inyooke). Boliti za hedi zinakazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) hadi Nm 29, halafu unaweka tone la rangi kwenye kila boliti unazungusha nyuzi 90, unarudia raundi ya pili 90 nyingine. Wengi wanakaza kwa kusikilizia mkono, eti nimezoea, halafu miezi mitatu gasketi imeungua wanasema gasketi ilikuwa feki. Ringi nazo usiziamini kwa sababu zimeandikwa saizi, ingiza ringi kwenye silinda, isukume kwa pistoni uliyoigeuza ili ikae sawa, pima uwazi. Kanuni ya gari ya kawaida isiyo na turbo ni 0.004 ya inchi kwa kila inchi ya upana wa silinda, kwa 5A ambayo haijachongwa inakuja kwenye 0.31 mm. Mimi mara ya kwanza sikupima, nilinunua ringi zenye boksi zuri kabisa, nikafunga, mwezi wa tatu moshi wa bluu kila nikiachia mafuta, nikashusha tena. Ringi zilikuwa feki ndiyo, lakini fila geji ingeniambia siku ileile.

Na spea zake ndo ziko kila mahali, Gerezani na Kariakoo hapa Dar, Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, Kisekka kwa wa Kampala, huendi kuuliza kama ipo unauliza tu jenuini, ya kawaida au mtumba. Hii huwa watu hawaipi uzito mpaka jumamosi saa kumi jioni umegundua oili sili moja imekosekana.

Ubaya wake? Nguvu. 5A hata uifunge kwa dhahabu ni injini ya kwenda sokoni. Ila ina ndugu, na hapo ndo utundu unapoanza. 7A ina kipenyo 81 na stroki 85.5, cc 1762, na hicho kipenyo 81 ndicho cha 4A-GE, ndugu yao wa michezo, kwa hiyo watu wanachukua bloku ya 7A wanavalisha hedi ya 4A-GE na mkanda mrefu kidogo, wanapata injini ambayo Toyota wenyewe hawakuiuza hivyo. Konrodi (mikono inayounga pistoni na krenki) za 7A-FE lakini ni nyembamba, hazipendi kuzungushwa juu sana, usije ukaipigisha kelele kama pikipiki halafu ukashangaa dirisha limefunguka kwenye bloku. Au unatafuta 4A-GE ya vavu 20 nzima, vavu tano kila silinda na throto nne, ile ya kava la fedha farasi 160 na ile nyeusi 165 kwenye mzunguko wa 7800. Hapo ule uvumilivu niliousifia umeisha, kwenye vavu 20 mkanda ukiruka vavu na pistoni zinakutana.

EJ20 sasa. Naipenda, nisiseme uongo. Na watu wa Kenya wana haki ya kuipenda zaidi yetu, dereva Colin McRae alichukua Safari Rally 1997 na Impreza, ingawa mtu wa Toyota atakukumbusha kwamba 1994 Ian Duncan, Mkenya, aliichukua na Celica. Wabishane wenyewe. Ila kuhusu ule mlio wa Subaru unaotingisha madirisha niwaambie kitu, watu wanadhani unatoka kwenye kulala kwa silinda, hapana, unatoka kwenye manifoldi ya egzosti ambayo bomba zake hazilingani urefu. Ukinunua manifoldi ya gharama yenye bomba sawa kwa sawa gari inapumua vizuri na mlio unapotea. Kuna jamaa alilipa hela nyingi kuuondoa mlio alionunulia gari, akairudisha ya zamani.

Kuifungua EJ ni dunia nyingine. Kuitoa kwenye gari kwenyewe siyo kazi, ni fupi na nyepesi, inanyanyuka kwa juu vizuri kabisa. Tena ni lazima uitoe, maana hedi ziko pembeni zimekaribia kugusa chesi, watu wengi hata gasketi ya hedi tu wanashusha injini nzima kuliko kujikunja mule. Mziki ni ndani. Bloku ni nusu mbili zilizobanana na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) iko katikati kama nyama kwenye mkate, hakuna gasketi pale, ni uzi mwembamba wa silikoni, ukiweka nyingi inabanwa inaingia ndani, inasafiri na oili mpaka inaziba chujio la pampu, injini inakufa kwa kiu huku oili imejaa. Pistoni nazo hazitoki kama za Toyota. Unazipata pini zake kupitia matundu ya pembeni ya bloku, unatoa klipu kwa koleo refu, unavuta pini, ndo nusu zinaachana. Wakati wa kurudisha unaunga konrodi kwenye krenki kwanza, unafunga bloku, ndipo unasukuma pistoni kutoka nje na kupapasa pini na klipu kwenye katundu ambako jicho na tochi haviingii pamoja. Klipu ikidondokea ndani hukuisikia, basi. Mimi ilinidondokea saa tano usiku, nilizungusha bloku kwenye stendi kama kuku wa kuchoma mpaka ikatoka saa saba.

Lakini siyo hiyo iliyoniumiza. Iliyoniumiza ni taiming. EJ20 ya kemshafti mbili kila upande ina mkanda mmoja mrefu unaopita puli nne za kemshafti, na puli za upande wa kushoto zinakaa zimebanwa na springi za vavu, yaani ukiziachia zinaruka zenyewe. Nilikuwa nimepanga alama zote, nikageuka kuchukua mkanda, kiwiko kikagusa spana, puli ikaruka KLAK. Upande huo vavu za kuingiza na za kutoa zinaweza kugongana zenyewe kwa zenyewe, pistoni hata haihusiki. Nikajipa moyo kwamba haijafanya kitu, nikafunga, nikawasha, silinda moja haina kompresheni. Vavu mbili zimepinda. Kosa hilohilo kwenye 5A lingenigharimu kucheka tu. Kwa hiyo ukiamua EJ, nunua au chonga kile kishikio cha kubana puli za kushoto kabla hujanunua hata gasketi, na jumamosi hiyo watoto wasikae karibu.

Joto ni suala lingine. Jina baya la kuunguza gasketi ni la EJ25 (ile ya cc 2500) zaidi, EJ20 ina afadhali, ila aluminiamu ikichemka inapinda na huku ndo kuna ule ugonjwa wa kutoa thermostati. Ya EJ inakaa chini kwenye njia ya maji kuingia, ukiitoa unavuruga mzunguko wote. Na ukishajaza maji mapya ni lazima utoe hewa taratibu, injini imelala kwa hiyo hewa inajificha, unaweza ukafunga kila kitu kwa usahihi halafu ukaichemsha siku ya kwanza kwa sababu ya hewa tu.

1JZ ntaenda haraka. Kwa ufundi, kuifungua ni rahisi kuliko EJ, ni 5A ndefu, inaonekana yote na bloku yake ni ngumu kweli, ile ya rafiki yangu ilikuwa imetembea sana na silinda tulihoni tu (kuzikwangua kidogo) hatukuchonga. Shida ni hesabu: pistoni 6, vavu 24, seti ya ringi 6, yaani kila kitu cha 5A zidisha moja na nusu na bado bei ya kila kipande ni kubwa zaidi, na ukitaka kipya cha kweli mara nyingi utasubiri kiagizwe au mtu akutafutie mtumba Sharjah huko Uarabuni. Zile za turbo mbili za mwanzo gurudumu la turbo upande wa moto ni la seramiki, ukipandisha presha kwa ujanja ujanja linapasuka. Zile za kuanzia 1996 zenye VVT-i (taiming ya vavu inayojibadilisha) na turbo moja zinavuta chini vizuri zaidi, toki (nguvu ya kuzungusha) Nm 378 kwenye mzunguko wa 2400, kwa barabara zetu za foleni na matuta hiyo ndo tamu.

Halafu usiibiwe, Mark II siyo zote zina JZ. GX100 na GX110 ndani kuna 1G ya cc 2000, JZX ndo yenye JZ, na JZX nyingi zilizoko huku ni 1JZ-GE isiyo na turbo. Kwa hiyo mwenye GX anayetaka 1JZ turbo hafungui injini, anahamisha: gia boksi, waya zote, kontroli boksi (kompyuta ya injini), difu, na breki asizisahau. Hiyo ni hobi ya mtu mwingine kabisa, nusu yake ni umeme. Sisemi mbaya ila ukiniambia unataka kujifunza injini halafu miezi sita uko unafuatilia waya za rangi ya njano, hujajifunza injini.

Petroli pia muangalie. 1JZ-GTE, EJ ya turbo na 4A-GE ya vavu 20 zote zilitengenezewa petroli ya hai-okteni ya Japan (isiyolipuka kabla ya wakati kirahisi). 5A inakunywa chochote kisicho na maji. Ukizitia hizo za turbo petroli ya kawaida na ukapandisha presha juu yake, ule mlio wa changarawe unaousikia ukikanyaga siyo sifa ni pistoni zinapigwa nyundo.

Mafundi watakwambia achana na yote, nunua nosi-kati (mbele yote ya gari iliyokatwa na injini yake) au injini ya Japan utupie, siku mbili gari inatembea. Na kama gari ndo inakupeleka kazini wako sahihi kabisa, mimi mwenyewe gari ya kazini siifungui. Ila mtumba wa Japan nao fungua kava la vavu uangalie kabla hujalipa, kukiwa na masizi meusi mazito kama lami rudisha. Na kumbuka namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ukibadilisha injini karipoti TRA ibadilishwe, wa Kenya NTSA, usisubiri siku ya kuuza au ya kusimamishwa.

Vifaa, kwa 5A unaweza kuanza na spana za kawaida, spana ya toki nzuri (hapa usibane hela), fila geji, mikromita ya kukodi, plastigeji za kupimia uwazi wa beringi, na stendi ya injini ambayo mchomeleaji wa mtaani anakutengenezea. EJ ongeza kile kishikio cha puli na koleo refu la klipu. 1JZ ongeza stendi nzito zaidi na rafiki mwenye mgongo mzima. Kuchonga silinda na kusaga krenki usijidanganye, peleka kwa wenye mashine, ila nenda na vipimo vyako umeandika kwenye karatasi, akikupa krenki ipime mbele yake. Hawapendi ila wanaheshimu.

Kwa hiyo nani achukue nini. Una nafasi ndogo, hela ya kuungaunga, hujawahi kutoa hedi: 5A au 7A, na ukishaifunga ikatembea miezi sita bila moshi ndo uanze kuota vavu 20. Umeshafunga Toyota moja au mbili, una subira na una chumba chenye mlango wa kufunga: EJ20, na hapo utajifunza usafi kuliko sehemu yoyote. Una hela inayoingia kila mwezi bila kukwama na gari unayo tayari ya JZX: 1JZ, na usianze kwa turbo kubwa, anza kwa kuifanya isivuje. Na kama una Subaru moja tu ndo hiyo ya kumpeleka mtoto shule, usiiguse mkuu, nakuomba.

EJ yangu yenyewe bado iko kwenye stendi nimeifunika shuka, hedi ya kushoto iko kwa fundi, vavu mbili nimezipata ila moja nimepima shina lake halilingani na zingine kwa hiyo nairudisha jumatatu. Carina ndo iliyonipeleka kuzichukua.